Ukiwa ughaibuni, ubishe mlango upi?

Kila baada ya miezi michache husambaa kwenye WhatsApp sauti ya dada anayelia. Yuko Riyadh, au Muscat, au Kuwait. Hajalipwa, amefungiwa ndani, na pasipoti yake iko kabatini kwa tajiri wake. Mwisho wa sauti husikika maneno yale yale: "Ubalozi umetutupa." Wanaoisambaza huongeza hasira zao, mwingine huuliza balozi analipwa mshahara wa nini, na mjadala huishia hapo mpaka sauti nyingine ije.

Sitaki kumtetea ofisa asiyepokea simu. Mtu aliye kwenye shida ana haki ya kulalamika, na alalamike kwa sauti. Lakini kwa miaka niliyowasindikiza ndugu na jamaa kwenye ofisi hizi, nimeona wengi wakipoteza wiki, hata miezi, kwa kubisha mlango usiohusika. Jambo la uhamiaji wa nchi waliyopo wanalipeleka ubalozini. Jambo la ubalozi wanalipeleka polisi. Na jambo ambalo lilimalizika kwa cheti cha kuzaliwa kutoka nyumbani wanampa kishoka pesa alimalize yeye.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo kamba inapojifunga.

Ubalozi ni ofisi ya serikali yako katika nchi nyingine, na sehemu kubwa ya kazi yake ni mazungumzo ya serikali kwa serikali. Ndani yake mna kitengo cha konseli, na hicho ndicho kinachoshughulika na wananchi: pasipoti, vyeti, waliokamatwa, waliofariki. Katika mji mwingine mkubwa wa nchi hiyo hiyo panaweza kuwa na Konseli Kuu, ambayo wengi tunaiita ubalozi mdogo. Tanzania, kwa mfano, ina ubalozi Abu Dhabi na Konseli Kuu Dubai. Yupo pia konseli wa heshima, ambaye mara nyingi ni mfanyabiashara au mwanasheria wa huko huko anayeiwakilisha nchi yako bila kuwa mtumishi wake wa kudumu. Huyo atakushauri na kukuunganisha na wahusika, lakini kwa kawaida hatoi pasipoti. Na pasipokuwa na ofisi yoyote, kazi hukabidhiwa ubalozi wa nchi ya jirani: Mtanzania aliyeko Copenhagen au Helsinki anahudumiwa na ubalozi ulioko Stockholm.

Neno linalotuchanganya kuliko yote ni "uhamiaji". Tanzania pasipoti inatolewa na Idara ya Uhamiaji, kwa hiyo masikioni mwetu uhamiaji na pasipoti ni kitu kimoja. Lakini ukiwa nje una uhamiaji wawili. Kuna wa kwenu, unaothibitisha wewe ni nani na ni raia wa wapi. Na kuna wa mwenyeji, unaoamua kama unaweza kuingia, ukae muda gani, ufanye kazi gani na uondoke vipi. Ubalozi wako ni mkono wa ule wa kwanza. Kwenye ule wa pili hauna muhuri.

Fikiria mshenga. Anatumwa na ukoo wenu kwenda nyumba ya watu. Anabisha hodi, anakaribishwa, anaheshimiwa, wala hakuna wa kumvunjia adabu. Anaweza kuuliza, kuomba, kueleza, kukumbushia ahadi, hata kuonyesha kwamba upande wake umekasirika. Asichoweza ni kuingia jikoni kwa wenyewe na kupangua vyungu. Konseli yuko hivyo hivyo. Sheria inayomruhusu kufanya kazi ni Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonseli wa mwaka 1963. Mkataba huo unamruhusu kulinda maslahi ya raia wake, kuwapa pasipoti, kuwatembelea gerezani, na unamlazimu pia kuheshimu sheria za nchi aliyomo na kutoingilia mambo yake ya ndani. Kwa hiyo mtu akisema "balozi angeamrisha tu wamwachie", ajue balozi hana wa kumwamrisha pale.

Sasa karatasi zenyewe. Wengi tumewahi kwenda serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho. Barua ile inasema: huyu tunamfahamu, ni mkazi wetu, tunaomba asaidiwe. Pasipoti ni barua ya namna hiyo, ila imeandikwa na taifa zima. Kibali cha ukaazi nacho ni kama mkataba wa pango: unatolewa na mwenye nyumba, una tarehe ya kuisha na una masharti. Barua ya utambulisho ikichakaa, mkataba wako wa pango haujavunjika. Na mkataba ukiisha, barua mpya kutoka mtaani haikupi haki ya kuendelea kulala pale.

Viza ni kitu cha tatu, na watu huichanganya na kibali. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi mpakani. Marekani inaonyesha tofauti hii vizuri. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti inaweza kuisha ukiwa ndani ya nchi na bado ukawa kihalali, kwa sababu muda wako wa kukaa unasomwa kwenye rekodi ya kuingia, ile inayoitwa I-94. Na kinyume chake kipo: viza inaonyesha ina mwaka mzima, lakini ofisa wa uwanja wa ndege amekupa miezi sita. Ukikaa mwezi wa saba kwa kuiamini viza, umeshavunja sheria, na hilo hakuna ubalozi wa Afrika Mashariki unaoweza kulifuta.

Uingereza nayo imewachanganya wengi tangu kadi za ukaazi za plastiki zilipokwisha muda mwishoni mwa 2024 na hadhi ya mtu kuhamia mtandaoni. Unakwenda ubalozini London, unapata pasipoti mpya, unafurahi. Lakini rekodi yako ya ukaazi bado imeshikamana na namba ya pasipoti ya zamani. Usipoingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji wa Uingereza ukaibadilisha, unaweza kuzuiliwa kwenye kaunta ya ndege Nairobi au Dar es Salaam, pasipoti halali mkononi na haki ya ukaazi unayo. Mlango wa kwanza umeufungua, wa pili umeusahau.

Kwenye nchi za Ghuba ndiko suala hili linapoumiza zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Niliwahi kukaa siku nzima kwenye chumba cha kusubiria cha ubalozi mmoja katika mji wa Ghuba, nikimsindikiza jamaa yangu. Pembeni yangu alikaa dada wa miaka ishirini na kitu, ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Ndani mlikuwa na kivuli cha pasipoti yake, kilichotolewa kwa mashine mbovu mpaka sura imekuwa doa jeusi. Alikuwa ametoka kwenye nyumba aliyofanyia kazi bila kuaga. Zamu yake ilipofika alimwamkia ofisa, mama wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Nataka kurudi nyumbani tu, mama. Basi."

Yule mama alichukua kile kivuli, akakigeuza kwenye mwanga, akasoma namba kwa shida. Kisha akamwambia maneno ambayo sijayasahau: "Karatasi ya kukutambulisha nitakupa. Ya kukutoa hapa sinayo mimi."

Dada alidhani amekataliwa. Hakuwa amekataliwa. Chini ya mfumo wa kafala, mfanyakazi anaingia nchini kwa jina la mdhamini, kafili, na ukaazi wake unafungwa kwenye jina hilo. Akiondoka kazini bila utaratibu, kafili anaweza kumripoti kuwa ametoroka. Saudia wanaiita *huroob*. Ripoti ikishaingia, ukaazi wake unayumba, anaweza kukamatwa, na akifika uwanja wa ndege mfumo unamwonyesha kama mtu mwenye kesi. Ubalozi unaweza kumpa hati ya dharura ya safari, ile ya kurasa chache ya kumfikisha nyumbani kwa safari moja, lakini hati hiyo haifuti ripoti. Ripoti inafutwa na kafili mwenyewe, au na mamlaka za kazi na uhamiaji za nchi ile baada ya kusikiliza shauri, na mara nyingine kuna faini za kukaa bila kibali zinazopaswa kulipwa au kusamehewa.

Hapo ndipo mshenga anapofanya kazi yake ya kweli: kumpigia kafili, kuandika barua kwa wizara ya kazi, kumpeleka mkalimani, kudai mshahara, kuomba faini isamehewe, kumtafutia pa kulala wakati anasubiri. Ni kazi ya kubembeleza na kufuatilia, na inachukua siku nyingi. Ofisi yenye watumishi wawili inayohudumia maelfu itaifanya polepole. Hilo ni la kuisema serikali zetu waziwazi: tunapeleka vijana kwa wingi kuliko tunavyopeleka maofisa wa kuwasaidia.

Kuhusu pasipoti iliyofichwa kabatini, kuna imani kwamba kafili ana haki ya kuishika kwa sababu alilipia tiketi. Hana. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na nchi za Ghuba zenyewe, Oman na Falme za Kiarabu zikiwemo, zimepiga marufuku waajiri kuzishikilia, ingawa wengi wanaendelea kufanya hivyo. Ndiyo maana usiseme kwamba "imepotea" ukiwa unajua ilipo. Ukitoa taarifa ya kupotea, pasipoti inaweza kufutwa kwenye mifumo, na ikijitokeza baadaye mikononi mwa kafili utaonekana wewe ndiye mwongo. Sema ukweli: imeshikiliwa, na aliyeishika ni fulani.

Mara nyingi mapambano haya huwa yameshapotea hata kabla ya safari. Aliyeondoka na mkataba uliohakikiwa na mamlaka za kazi za kwao na ubalozi anajulikana alipo, kwa nani, kwa mshahara gani. Aliyeondoka kwa viza ya matembezi, wakala akimwambia "tutabadilisha ukifika", haonekani kwenye daftari la mtu. Ubalozi unasikia jina lake kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake inaposambaa.

Tuje kwenye kukamatwa. Kifungu cha 36 cha ule Mkataba wa Vienna kinasema mgeni akiwekwa kizuizini, wenye mamlaka wamweleze bila kuchelewa kwamba ana haki ubalozi wake upewe taarifa, na akiomba, waupe. Tia mkazo kwenye "akiomba". Usipotamka, sehemu nyingi hawalazimiki kumpigia mtu yeyote. Haki hii si pambo. Ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walihukumiwa kifo Arizona bila kuelezwa haki hiyo, na wakauawa kwa hukumu hiyo mwaka 1999. Ujerumani iliishtaki Marekani, na mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba Marekani ilivunja mkataba. Kwa ndugu wale uamuzi ulikuja umechelewa, lakini kwa wengine wote ulithibitisha kwamba haki hii ni ya mtu binafsi, si adabu baina ya serikali tu.

Konseli akija gerezani atakuona, atasikiliza kama unapigwa au unanyimwa dawa, atakupa majina ya mawakili, ataifahamisha familia ukikubali. Hatakutetea mahakamani, hatakulipia wakili kwa kawaida, na hatasema huna hatia kwa sababu tu ni Mkenya au Mtanzania mwenzake.

Mwanzoni nilisema watu hubisha mlango usiohusika. Kuna kundi moja ambalo mlango wa ubalozi unaweza kuliponza kabisa, nalo ni wakimbizi. Mkongomani au Mrundi aliyepewa hifadhi Nairobi, Brussels au Ohio alipewa kwa kusema kwamba serikali ya kwao haimlindi. Akienda kwa hiari kwenye ubalozi wa serikali hiyo hiyo kuomba pasipoti mpya, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unaruhusu hilo lichukuliwe kama ishara kwamba amerudi chini ya ulinzi wa nchi yake, na hadhi yake inaweza kuhojiwa. Watu hufanya hivi bila nia mbaya, wanataka tu kwenda harusi. Kwa mkimbizi, hati ya kusafiria inaombwa kwa nchi iliyompa hifadhi, chini ya kifungu cha 28 cha mkataba huo. Kabla ya kugusa ofisi yoyote ya kwao, azungumze kwanza na mwanasheria au na shirika linalomhudumia.

Halafu watoto. Ipo hadithi kwamba ubalozi ni ardhi ya nchi yako, kwa hiyo ukijifungulia ndani ya uzio mtoto amezaliwa nyumbani. Si kweli. Ardhi ni ya mwenyeji. Kinachozuiwa ni polisi wake kuingia bila ruhusa. Mtoto anapata uraia wenu kupitia damu yako na karatasi zinazothibitisha damu hiyo. Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa kutoka nchi aliyozaliwa, maana ubalozi unajenga juu ya cheti hicho. Katika nchi ambako kuzaa nje ya ndoa kumekuwa kukichukuliwa kama kosa, akina mama wengi waliogopa hospitali, watoto wakabaki bila karatasi hata moja. Kikatiba mtoto wa mama Mkenya ni Mkenya popote alipozaliwa, lakini ni lazima umama uthibitishwe, na pasipokuwa na cheti njia inayobaki inaweza kuwa kipimo cha vinasaba.

Tanzania ina masharti yake, na wazazi wengi hawayajui. Chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, mtoto aliyezaliwa nje anarithi uraia wa mzazi aliye raia wa kuzaliwa. Lakini mtoto huyo akija kuzaa naye nje, uraia wake wa kurithi hauendi mbele: mjukuu haupati kwa njia hiyo. Na mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa hiari anapoteza wa Tanzania. Kenya ilifungua mlango huo kwa Katiba ya 2010, hivyo Mkenya anaweza kuwa na pasipoti mbili, na aliyepoteza uraia wake zamani anaweza kuomba kuurejesha. Ndiyo maana ushauri wa jirani Mkenya pale Minneapolis unaweza kumharibia Mtanzania, ingawa wote wanazungumza lugha moja na wamekaa meza moja. Ile hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, ambayo Bunge liliipitisha mwaka 2025, imeleta nafuu kwa waliokwisha kuchukua uraia wa nje, lakini si uraia wa pili.

Kuhusu pasipoti za kielektroniki, Kenya ilianza kuzitoa 2017 na Tanzania 2018. Alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana, kwa hiyo kutuma fomu kwa posta kama zamani hakutoshi. Baadhi ya balozi hupanga siku za kwenda miji ya mbali na mitambo yao. Ulizia kabla ya kukata tiketi ya kuvuka nchi. Na usisubiri iishe. Nchi nyingi hazimruhusu abiria kuingia kwa pasipoti iliyobakiza chini ya miezi sita, na maombi yakikwama, mara nyingi yamekwamia nyumbani: namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, haipo, au jina la baba limeandikwa kwa herufi moja tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa. Hilo shangazi yako Morogoro anaweza kulifuatilia RITA, ofisi inayosajili vizazi, mapema kuliko wewe utakavyolilia dirishani.

Kwa familia iliyobaki nyumbani na ina mtu wake shidani, machozi kwenye sauti hayamfikishi ofisa kwenye nyumba. Mpelekeeni jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, jina la kafili na simu yake, jina la wakala, tarehe aliyosafiri, na alipo kwa ramani ya simu, hata picha ya kibao cha mtaa. Piga picha karatasi hizi zote kabla hajaondoka na uziweke kwa mtu wa nyumbani anayejibu simu.

Yule dada wa bahasha ya kaki tulionana naye tena wiki kadhaa baadaye, kwenye jengo lile lile. Safari hii alikuwa na daftari la shule, jalada lenye picha ya gari. Ndani alikuwa amepiga vistari kila siku aliyofanya kazi, na kila mshahara aliopewa ameuandika kwa kalamu nyekundu. Mkalimani wa ubalozi alikwenda naye mamlaka ya kazi, na ofisa wa kule, alivyonisimulia dada mwenyewe, alihesabu vile vistari kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu huku kafili akiwa kimya. Alidai miezi mitano akapewa mitatu, na ripoti ya kutoroka ikafutwa. Hati yake ya dharura ilikuwa tayari muda wote huo, ndani ya bahasha ile ile.